Mvuke Usio wa Maji (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye ugoro na sigara za kuuzwa mojamoja. Leo tuje kwenye kidude chenye umbo la flashi nilichoonyeshwa na kijana mmoja stendi ya Kharumwa, hapa Nyang'hwale, kikinukia embe bivu. Umri wake miaka kumi na sita hivi. Nilipomuuliza kina nini ndani, akanijibu bila wasiwasi: "Mzee, huu ni mvuke tu, sio moshi."

Imani yote imebebwa na neno hilo. Mvuke tunaoujua ni wa sufuria ya ugali. Ndani ya kidude kile, yaani sigara ya umeme, hamna maji yanayochemka. Kuna betri, waya uliojikunja kama springi, na pamba iliyolowa gliserini, propilini glaikoli, vionjo na mara nyingi nikotini. Ukivuta, waya unapata moto, kimiminika kinageuka ukungu wa matone madogo mno, nayo yanashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Waya wenyewe huweza kuachia chembe za nikeli na risasi.

Na mtu wa Nyang'hwale angepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na mvuke. Pale mwaloni, dhahabu inapooshwa, mchimbaji akishakamua zebaki kwa kitambaa, huchoma donge lililobaki mpaka dhahabu ibaki peke yake. Kinachopaa hakionekani wala hakinuki, nacho ni mvuke, tena wa kuharibu mishipa ya fahamu na figo. Sisemi ukungu wa embe una zebaki. Nasema tu kwamba jina "mvuke" halijawahi kuwa cheti cha usalama.

Vijana wana hoja nyingine, yenye nguvu zaidi: vionjo ni vilevile vya pipi na juisi. Kweli, lakini tumbo si mapafu. Mwaka 2000, huko Missouri, Marekani, madaktari walikuta waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi wakihema kwa shida. Chanzo kilikuwa dayasetili, kionjo cha siagi ambacho watu hula bila tabu. Wao walikuwa wakikivuta kwa pumzi siku nzima, vijia vyembamba vya hewa vikaziba kwa makovu yasiyopona. Dayasetili hiyohiyo imekutwa katika baadhi ya vimiminika vya sigara za umeme.

Kisha kuna nikotini. Sigara ya kawaida humkwaruza koo anayeanza, na kikohozi kile ni kinga. Watengenezaji wa sigara za umeme wakaichanganya nikotini na asidi, ikawa chumvi inayopita laini. Kijana wangu aliniambia anaacha siku yoyote akitaka. Nikamwomba akiweke kidude chake mfukoni tuongee. Dakika kumi hazikufika, akakitoa tena.

Sheria yetu hapa Tanzania ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya 2003, mwaka uleule mfamasia wa China, Hon Lik, alipobuni kifaa hiki. Inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, ila waandishi wake walikuwa wakiwaza jani, kama lile linalolimwa hapo Kahama. Uganda, kwa sheria yake ya 2015, ilipiga marufuku sigara za umeme moja kwa moja.

Wanaozitetea husema zina sumu chache kuliko sigara. Kwa mvutaji wa miaka mingi anayehamia huko kabisa, hilo lina ukweli. Kijana wa stendi hajawahi kuvuta sigara. Alikuwa akivuta hewa, tena hewa yenye vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, la jirani, ambalo tutaliangalia wiki ijayo.