Hadubini, Kamera na Adabu ya Mwanga

Mitunguu, kule Imenti Kusini katika Meru, hujulikana kwa ndizi na mashamba ya umwagiliaji. Mimi mtu wa pwani nilipofika huko, kilichonivuta si mkungu wa ndizi, bali kijana wa maabara aliyekuwa akipiga picha tone la damu, simu ameishika juu ya hadubini. Picha ilitoka nusu nyeupe, nusu giza.

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini penye hadubini macho hayatoshi. Mwanga ndio mwalimu. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyezaliwa yapata mwaka 965, alibainisha katika Kitab al-Manadhir kwamba jicho huona kwa nuru iliyoingia ndani yake, wala halitoi nuru lenyewe.

Mwaka 1893 Mjerumani August Köhler alionyesha njia inayofuatwa hata leo: mwanga upitie lenzi iliyo chini ya kioo cha sampuli, uenee sawasawa, na sura ya taa isitokee pichani. Chini ya lenzi hiyo pana kilango. Ukikifungua mno, vitu vyangavu humezwa na weupe. Ukikibana mno, mambo madogo huvurugika.

Kisha, ndugu msomaji, iko lenzi ya jicho. Kamera haibandikwi juu yake ovyo. Shika karatasi nyeupe juu ya lenzi hiyo, uiinue polepole. Duara la mwanga litapungua, halafu litapanuka tena. Linapokuwa dogo kabisa, hapo ndipo mahali pa lenzi ya simu. Ukikosea, kingo za picha huingia giza.

Haya si mchezo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Pemba. Wataalamu walibandika kilenzi cha mviringo cha milimita 3 kwenye kamera ya simu, wakamulika kwa tochi kutoka chini, wakapima vioo 199 vya choo cha wanafunzi. Palipokuwa na mayai ya mchango, yenye ganda nene, simu iliyaona mara 81 kwa mia. Ya safura, yenye ganda jembamba na angavu, iliyaona mara 14 tu kwa mia.

Safura hunyonya damu ya mtoto. Picha ikisema hana kitu, atarudi nyumbani bila dawa. Basi kabla ya kutafuta kamera ya bei, taa itengenezwe kwanza.