Fyuzi ndogo hulinda nyumba nzima

Katika vijiji vya Mbulu na Hanang ziko kaya zinazopata mwanga kwa umeme wa jua: paneli juu ya paa, betri ya volti 12 na taa chache. Wengi husema umeme huu hauna madhara kwa kuwa haumrushi mtu. Lakini hatari yake ni moto. Waya wa chanya ukigusana na wa hasi, kwa mfano panya wakizitafuna, betri humwaga umeme mwingi mara moja. Plastiki ya waya huyeyuka, na kilicho karibu huweza kuwaka.

Kinga ni fyuzi. Ndani yake mna uzi mwembamba unaokatika kabla waya haujapata moto.

Ifungwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kati yake na betri hubaki bila kinga.

Kupata ukubwa wake, jumlisha wati za vyombo vyote, kisha gawanya kwa 12. Taa 4 za wati 5 na redio ya wati 10 ni wati 30, yaani ampea 2.5. Fyuzi ya ampea 5 inatosha, mradi waya uweze kubeba zaidi ya hizo.

Fyuzi ikikatika, tafuta kwanza palipogusana. Usiweke msumari wala karatasi ya pakiti ya sigara badala yake, kwa maana havikatiki kwa wakati.

Kila usiku tunamwomba Mungu azilinde nyumba zetu. Nasi tutimize sehemu yetu.