Kwa Nini Chotara Hununuliwa Kila Mwaka

Wakulima wenzetu wengi wana lalamiko moja. Wanasema, "Mbegu ya mahindi ya dukani ni ghali. Tena mwaka wa pili haizai. Eti wenye kampuni wameitia dawa ili turudi kununua." Bei ni kubwa kweli. Lakini dawa ya namna hiyo hamna. Sababu iko kwenye uzazi wa mahindi yenyewe.

Mmea wa mahindi una dume na jike pamoja. Juu kabisa kuna mbelewele. Hiyo ndiyo dume, nayo humwaga unga wa manjano uitwao chavua. Katikati ya bua kuna hindi changa lenye nywele. Hilo ndilo jike. Kila unywele ukipata chavua, punje moja hutunga. Upepo ndio unaobeba chavua, hata kutoka shamba la jirani.

Mtaalamu wa mbegu hamwachii upepo kazi hiyo. Hulifunika hindi changa kwa mfuko, kisha hulipa chavua ya mmea ule ule. Hurudia hivyo kizazi baada ya kizazi. Mwishowe hupata mimea inayofanana kama mapacha, lakini dhaifu: mifupi, yenye mahindi madogo. Ukiiona utaicheka. Basi huchukua koo mbili za namna hiyo zisizo na undugu, akazipandisha. Watoto huwashinda nguvu wazazi wote wawili. Hao ndio chotara.

Si lazima kila chotara ipite njia hiyo ndefu. Jirani zetu wa Kenya walitoa chotara H611 huko Kitale mwaka 1964. Mzazi mmoja alikuwa wa Kitale pale pale. Mwingine asili yake ni Ecuador, nchi ya Amerika ya Kusini. Undugu wao ulikuwa wa mbali sana, na umbali huo ndio ulioleta nguvu.

Sasa tuone shamba la kuzalishia mbegu. Hupandwa, kwa mfano, mistari minne ya majike na mmoja au miwili ya madume. Kabla mbelewele za majike hazijamwaga chavua, watu hupita kuzing'oa kwa mkono. Wanapita kila siku, mvua inyeshe, jua liwake. Zikisahauliwa nyingi, mbegu imeharibika. Shamba lenyewe lazima liwe mbali na mahindi mengine, mita 200 au zaidi. Baadaye kuna kukausha, kuchambua, kupaka dawa na kupima uotaji. Hapa Tanzania kuna pia ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Gharama zote hizo zimo ndani ya pakiti ya kilo mbili. Na faida ya kampuni imo pia, tusidanganyane.

Je, ukipanda punje ulizovuna kwenye chotara? Zitaota. Ila hao sasa ni wajukuu: mmoja humfuata babu, mwingine bibi. Shamba huwa na marefu na mafupi, na mavuno yanaweza kupungua kwa robo au hata zaidi. Hapo ndipo biashara ilipo. Kampuni huwaweka wazazi kwake, na mkulima hurudi dukani kila msimu.

Lakini ziko mbegu bora zisizo chotara. Staha, Kilima na TMV-1 zilitolewa na watafiti wetu miaka ya 1980. Hizi waweza kuzitunza mwenyewe misimu miwili mitatu, ukichagua mahindi mazuri ya katikati ya shamba, mbali na ya jirani. Penye mvua nzuri na mbolea, chotara huzishinda. Kwa mtu asiye na fedha ya mbolea, sisi twaona ni heri aanze na hizi. Wafanyabiashara hawazipendi sana, maana anayenunua mara moja kwa miaka mitatu si mteja wa kutajirisha. Ulizia kwa bwana shamba, au kwa ASA, wakala wa serikali wa mbegu ulioanzishwa mwaka 2006.

Jambo baya ni mbegu bandia. Mtu hununua mahindi ya chakula, huyapaka rangi, akayatia kwenye pakiti. Kwa hiyo rangi si ushahidi. Tazama lebo ya TOSCI. Ina namba iliyofichwa. Ikwangue uihakiki kwa simu. Dai risiti, na pakiti usiitupe mpaka uvune.

Nunua mapema, upate nafasi ya kujaribu. Hesabu punje 50, uzifunge kwenye kitambaa chenye maji kwa siku saba, kisichokauka. Zikiota 45 au zaidi, panda. Zikiota 30, rudi dukani na risiti yako kabla mvua haijaanza. Mbegu itakayobaki usiipike wala usiwape kuku, hata ukiiosha. Ile rangi ina sumu.