Nitakupenda, Nipe Maji

Kilatini hakina neno moja la "ndiyo".
Kweli, na Mswahili hana haja ya kushangaa. Ukimuuliza Mrumi "Venitne?", yaani "Amekuja?", anaweza kukujibu "Venit": amekuja. Si ndivyo tunavyojibizana jikoni? "Umekula?" "Nimekula." Yalikuwepo maneno kama ita na sane, lakini mara nyingi kitenzi kilitosha. Anayehangaika ni yule anayepitia kwanza kwenye Kiingereza. Chukua "amabo", yaani "nitapenda": kwa Kilatini ni neno moja, na kwa Kiswahili ni neno moja. Mtendaji na wakati vyote vimo ndani yake. Kiingereza kinataka maneno matatu.

Neno likiishia na -um, ni Kilatini.
Si kweli, na hapa wengi wameumbuka. Kuna maneno yanayochapwa kwenye vikombe na fulana: "Illegitimi non carborundum". Wenye vikombe huapa kwamba Warumi walikuwa wakiambiana: usikubali wanaharamu wakusage. Kumbe ni mzaha wa Waingereza wa enzi za Vita Kuu ya Pili. Illegitimi ni Kilatini, sawa. Lakini non haikatazi mtu kitu. Mrumi akikataza husema "noli". Na carborundum? Ni jina la kibiashara la unga mgumu wa kusagia na kunolea, uliotengenezwa na Mmarekani Edward Acheson miaka ya 1890. Ukikihurumia sana kikombe hicho, utaambulia "wanaharamu si jiwe la kunolea". Jambo ambalo, nadhani, halina ubishi.

Kilatini hakina maneno ya vitu vya leo.
Si kweli. Vatikani ilichapisha kamusi nzima ya maneno mapya, juzuu la kwanza mwaka 1992 na la pili 1997. Humo vodka ni valida potio Slavica, kinywaji kikali cha Waslavi. Ukiagiza hivyo baa, itafungwa hujamaliza sentensi. Redio ya taifa ya Finland nayo ilisoma habari za dunia kwa Kilatini tangu 1989 hadi 2019.

"Tafadhali" hutafsirika bila shida.
Si kweli. Katika tamthilia za Plautus, wanawake wakiomba kitu husema "amabo te". Neno kwa neno: nitakupenda. Cicero, mwanasiasa mzima, aliliandika hilohilo katika barua kwa rafiki yake Atticus. Hakuwa akimtongoza, alikuwa anaomba tu.