Mteremko wa Paa Kisii na Nyamira: Kutoka Kompyuta hadi kwa Fundi

Nyanda za juu za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, hupata kwa kawaida zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mara nyingi mvua hiyo hunyesha alasiri kwa nguvu, ikiandamana na radi na mvua ya mawe. Nyumba ya kiasili ya Wagusii ilikuwa ya mviringo, yenye paa la nyasi la umbo la pia lililoinama sana, kwa kuwa nyasi zisipoinama vya kutosha maji hukawia juu yake, hupenya na kuziozesha. Mabati, yaliyoenea katika karne ya 20, yaliruhusu nyumba za pembe nne na mteremko mdogo zaidi, lakini hayakuondoa swali la msingi, ambalo leo msanifu majengo hulijibu mbele ya kompyuta: paa liiname kiasi gani?

Programu za usanifu kama ArchiCAD ya Hungaria na Revit ya Marekani hulijenga paa kwa hatua zinazofanana. Mchoraji hufuata mzunguko wa kuta, huongeza upenu, yaani sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, kisha huieleza programu ni kingo zipi zitakazoanzisha mteremko. Kingo zote nne zikiinama, hupatikana paa la pande nne. Zikiinama mbili tu zinazoelekeana, kuta za ncha za nyumba hupanda kwa umbo la pembetatu hadi kwenye mgongo, ambao ni mstari wa juu kabisa wa paa. Programu ya SketchUp, kwa upande wake, humwachia mchoraji mwenyewe kazi ya kuchora nyuso hizo na kuziunganisha.

Makosa huanza kwenye tarakimu. Mteremko wa asilimia 30 ni sawa na digrii 17 hivi, kwa hiyo anayeandika 30 mahali pa digrii hupata paa lililo refu mno kwenda juu. Uangalifu zaidi unahitajika kwa nyumba ya mabawa mawili yaliyokutana kwa pembe mraba, kwa sababu bawa jembamba, likipewa mteremko uleule, huwa na mgongo wa chini zaidi, na mchoraji akilazimisha migongo ilingane, mteremko wa bawa hilo hubadilika na bonde la paa huacha kuigawa pembe katikati. Bonde hilo, ambapo nyuso mbili hukutana kwa ndani, hupokea maji ya pande mbili, na ndipo uvujaji huanzia mara nyingi.

Nyumba ya mita 8 kwa 10 yenye upenu wa sentimita 60 pande zote huonyesha uzito wa uamuzi kuhusu mteremko. Paa lake hufunika eneo la ardhi la mita za mraba 103 hivi. Likiinama digrii 15 huhitaji mita za mraba 107 za mabati, na mgongo hupanda mita 1.2 juu ya kingo za upenu, lakini likiinama digrii 30 mabati hufika mita za mraba 119 na mgongo hupanda mita 2.7. Paa la pande nne na la pande mbili, yakiwa na mteremko na upenu uleule, yana eneo sawa kabisa. Tofauti ni vipande vinavyokatwa kwa mshazari na kupotea kwenye kona, ambavyo hesabu ya eneo peke yake haivionyeshi.

Maji ya mvua, kinyume chake, huhesabiwa kwa eneo la ardhi lililofunikwa. Kila milimita ya mvua hulipa paa hilo lita 103, na milimita 1,500 ni takribani lita 154,500 kabla ya kutoa yanayopotea, mteremko uwe digrii 15 au 30. Kuongeza mwinamo basi huongeza gharama ya mabati bila kuongeza tone kwenye tangi, jambo la maana sana kwa familia zinazoishi mgongoni mwa vilima na kuteka maji kwenye chemchemi za mabondeni. Na kwa kuwa mashamba yamegawanywa vipande vidogo, kielelezo cha paa kwenye kompyuta hakitoshi bila mwinuko wa ardhi na mpaka wa kiwanja, ili ionekane mapema kama maji ya upenu yatamwagikia ua wa jirani au yatamomonyoa ukingo uliochimbwa nyuma ya nyumba.

Hata hesabu zikiwa sahihi, programu huchora mbao zilizonyooka daima, ilhali mikaratusi iliyopasuliwa ikiwa mbichi hujikunja inapokauka. Aidha, fundi anayesimamisha kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, hutumia uzi na futi ya kupimia, si digrii. Mchoro unaomfaa ni ule unaoandika kwamba kwa kila mita moja ya mlalo paa hupanda sentimita 27, kwa digrii 15, au sentimita 58, kwa digrii 30. Msanifu asipoandika kipimo hicho, fundi atakadiria mwenyewe, na hesabu zote za mabati na urefu wa mgongo zitakuwa za nyumba nyingine.