Daftari la Kaptagat

Mwaka 2018 Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, alimweleza mwandishi wa The New York Times mambo anayoyaandika kila akitoka mazoezini. Aliyataja moja moja: muda, kilomita, kukandwa misuli, mazoezi ya viungo, viatu alivyovaa, na jinsi alivyojisikia ndani ya viatu hivyo. Kila kitu, akamalizia.

Hilo la viatu ndilo lililonishika. Muda na kilomita kila mkimbiaji huandika, na siku hizi wengi hawaandiki tena kwa kuwa saa ya mkononi inawaandikia. Lakini huyu ni mtu aliyekwisha kuvaa dhahabu ya Olimpiki, mwenye kampuni nzima ya viatu nyuma yake. Bado anaketi katika kambi ya Kaptagat, nje ya Eldoret, anashika kalamu na kueleza kwa mkono wake kiatu cha leo kilikuwaje mguuni. Wakati ule madaftari yalikuwa yameshapita kumi, na yote alikuwa ameyatunza.

Watu kadhaa ninaowafahamu wanajiandaa kwa marathoni yao ya kwanza. Wanaamka kabla jua halijachomoza, wanapishana na bodaboda barabarani, na maswali yao hayaishi: nikimbie kilomita ngapi, ninunue viatu gani, nile nini usiku wa kuamkia mbio? Sijamsikia hata mmoja akiulizia daftari. Ndiyo maana nimerudi kuitazama marathoni ya kwanza ya Kipchoge mwenyewe, maana hata yeye aliwahi kuwa mgeni wa umbali huo.

Wapenzi wa riadha wanakumbuka Paris 2003, kijana wa miaka 18 alipowapiku Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5,000 na kuwa bingwa wa dunia. Shaba ya Athens 2004 na fedha ya Beijing 2008 zikafuata. Kisha ukaja mchujo wa Kenya wa Olimpiki ya mwaka 2012. Akamaliza wa saba, na timu ikaenda London bila yeye. Alikuwa na miaka 27. Wengi wakifikishwa hapo huanza kufikiria shamba na ng'ombe, na hakuna wa kuwalaumu. Yeye alihamia barabarani. Septemba mwaka huohuo alikimbia nusu marathoni yake ya kwanza huko Lille, Ufaransa, kwa dakika 59 na sekunde 25. Tarehe 21 Aprili 2013, mjini Hamburg, akasimama kwenye mstari wa kuanzia kilomita 42.195 kwa mara ya kwanza. Alishinda kwa saa 2:05:30, rekodi mpya ya mbio hizo, na aliyemfuata alifika zaidi ya dakika mbili baadaye.

Ukiyasoma matokeo hayo peke yake utasema ni kipaji. Mimi naona ni kazi ya mtu aliyezoea kuandika tangu alipokuwa hana hata karatasi.

Simulizi yenyewe inaanzia Kapsisiywa, Nandi. Kipchoge alikuwa kijana aliyelelewa na mama, mwalimu wa chekechea, naye akikusanya maziwa kwa majirani na kuyapeleka sokoni kwa baiskeli. Katika eneo hilohilo alikuwapo Patrick Sang, mshindi wa fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992. Kijana akamwendea kumwomba programu ya mazoezi. Inasimuliwa kwamba siku moja hapakuwa na kalamu wala karatasi, basi Sang akaokota kijiti na kumwandikia mazoezi ya siku zilizofuata kwenye ngozi ya mkono. Ngozi kavu ikikwaruzwa kwa kijiti huacha mistari myeupe, na mistari hiyo haidumu. Kijana akayakariri maneno, akakimbia nyumbani kuyaandika kabla hayajafutika. Alipoyamaliza mazoezi hayo alirudi kutaka mengine.

Kocha ni huyohuyo hadi Hamburg, na hadi leo ukitaja kambi ya Kaptagat unamtaja Sang. Maisha ya kambini yameelezwa mara nyingi. Ni karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, barabara za udongo mwekundu, vyumba vya kushirikiana, ugali na mboga, na zamu za kusafisha vyoo ambazo hata bingwa wa dunia hakwepi. Jumanne ni mbio za uwanjani. Alhamisi ni mbio ndefu, kilomita 30 au 40. Jumamosi ni kubadilisha kasi, dakika kadhaa za kukaza na nyingine za kulegeza.

Kipchoge aliwahi kusema jambo ambalo ningependa kila anayejiandaa kwa mara ya kwanza alisikie. Hakimbii mazoezini kwa nguvu zote. Siku tatu hizo ngumu hutoa asilimia 80 ya uwezo wake, na siku nyingine nne hutoa asilimia 50. Mia kwa mia anaiwekea akiba siku ya mashindano.

Mgeni wa marathoni hufanya kinyume kabisa. Jumamosi anashindana na wenzake wa kikundi, Jumapili anashindana na muda wake wa Jumamosi, na wiki ya sita goti linamfanya atembee kwa kuchechemea. Misuli haijengeki wakati wa kukimbia. Hujengeka baadaye, mtu akilala na kula. Kisha kuna ile sukari ambayo mwili huiweka akiba kwenye misuli na ini. Kwa watu wengi huelekea kwisha baada ya kilomita 30 hivi, miguu ikawa mizito ghafla. Mtu aliyezoea kujizuia mazoezini ndiye atakayeweza kujizuia katika kilomita 10 za mwanzo, wakati mwili unamdanganya kwamba leo ni siku yake. Na utajuaje kwamba leo umetoa asilimia 80 na si 95? Saa inakupa mapigo ya moyo. Ulivyojisikia unajua wewe mwenyewe, na usipoandika siku hiyohiyo, baada ya mwezi utakumbuka ushindi tu.

Hapa ndipo ninapotamani kuyafungua madaftari ya Kaptagat. Aliandika nini usiku ule wa mwaka 2012 baada ya kuwa wa saba? Aliandika chochote? Berlin 2015 soli za ndani za viatu vyake zilichomoka na kupigapiga kwenye vifundo, akakimbia hivyo sehemu kubwa ya njia huku miguu ikichubuka, na bado akashinda kwa saa 2:04:00. Ukurasa wa siku ile, kwenye nafasi ya viatu, unasemaje? Na Paris, Agosti 2024, alipoachia njiani marathoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatembea, akawagawia watazamaji viatu vyake vya kukimbilia: ameliingiza hilo kwa sentensi ngapi? Labda neno moja. Labda ni namba tupu kama siku nyingine zote, na hilo nalo lingetufundisha kitu.

Madaftari hayo ni mali yake, na ana haki ya kukaa nayo. Ila sisi huku tuna tabia ya kutunza medali na kupoteza karatasi. Medali inaonyesha kwamba mtu alishinda. Karatasi inaonyesha alivyofika huko, Jumanne baada ya Jumanne, na ndiyo anayoihitaji mtoto wa Kapsisiywa wa sasa anayetafuta wa kumwandikia mazoezi. Siku Kipchoge akiridhia, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaanze na madaftari hayo kabla ya kuomba jezi au kiatu. Yanakiliwe yote, pamoja na kurasa za siku mbaya, na nakala zipelekwe katika shule za Nandi na Elgeyo Marakwet, mahali ambapo wanafunzi watazisoma.