Shule Zimefungwa: Mpee Mtoi Kazi Kabla Mtaa Imtafutie Yake

Cheki, ni Jumanne saa nne asubuhi. Siz aliamkia mboka saa kumi na moja, mathe ako soko, na wewe ndio umeachiwa watoi kejani. Wamekunywa chai, wamecheki katuni mpaka mita ya stima imeanza kulia tokeni, sasa wanapigania rimoti. Mmoja anakuja kukusumbua: "Anko, tufanye nini?" Na wewe, macho kwa simu, unamrushia ile jibu yetu sote: "Si uende ucheze huko nje."

Hiyo jibu iliniumbua Desemba iliyopita.

Siz yangu huuza mboga hapo kwa gate ya plot. Pesa za chenji hukaa kwa mkebe wa Kasuku chini ya meza. Zikaanza kupotea mos mos, mbao leo, finje kesho. Kuja kufuatilia, ni kijana wake wa miaka 10. Nilimpata kwa banda la PS nyuma ya plot, amekaa katikati ya mamorio wa rika yangu, wengine wameshika kontrola, wengine wanabishana juu ya mkeka wa beti. Siz alikuwa tayari kumchapa. Mimi nikamuuliza kwanza kwa nini huwa huko kila siku. Akaniangalia tu: "Si wewe huniambia niende nje."

Manze, sikuwa na la kusema.

Kwa hivyo kama wewe ndio uko kejani na watoi hii likizo, iwe ni wako, ni wa siz ama ni broo zako wadogo, hii story ni yako.

Kwa nini hii likizo ni noma kuliko zingine

Likizo ya Aprili na ya Agosti ni wiki chache tu. Hii ya mwisho wa mwaka inaanza Oktoba ikiisha mpaka Januari mwanzo, kama wiki 10 hivi. Siku za shule kuna kengele, kuna odijo, kuna marafiki, kuna saa ya kucheza. Mtoi hahitaji kujiuliza afanye nini. Hiyo kengele ikinyamaza, nafasi haibaki wazi. Lazima mtu aijaze: simu, banda la PS, ama wale wasee wa base wenye hutafuta katoi ka kutuma sigara.

Kumbuka 2020. Shule zilifungwa Machi, na wengi wakarudi Januari 2021. Kuna wenye walishikwa na mambo ya mtaa hapo katikati, na darasani hawakurudi tena.

Tuisheni sio jibu

Wazae wengi wakiona hivyo wanakimbilia tuisheni. Shida ni kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Mwenye atapatikana na hatia anaweza pigwa faini hadi shilingi 100,000, ama jela hadi mwaka mmoja, ama zote mbili. Na hata bila hiyo sheria, mtoi ametoka mwaka mzima wa mitihani. Akili yake pia inataka kupumua.

Mpee kitu yenye ni yake

Hapa ndio nilijifunza kitu. Kumshughulisha mtoi sio kumchosha. Ukimwambia "osha vyombo," umemtuma tu. Ukimwambia "hii ni yako, ikilala sote tunaumia," hapo umemwamini. Mtoi anajua hiyo tofauti haraka sana.

Yetu ilikuwa gunia ya sukuma. Inafanya kazi hata kwa plot yenye nafasi ni kidogo. Tafuta gunia mzee ya waru, udongo, samadi iliyooza, mawe madogo, na mkebe mkubwa wenye umetolewa chini. Simamisha mkebe katikati ya gunia, ujaze mawe ndani, kisha ujaze udongo wenye samadi kando kando. Ukifika juu, vuta mkebe, ujaze tena, hivyo hivyo mpaka gunia ijae. Utabaki na nguzo ya mawe katikati. Maji ukimwaga hapo yanashuka hadi chini, badala ya kulowesha juu peke yake. Toboa mashimo kando, panda miche juu na kwa hizo mashimo. Kama mwezi na nusu baadaye unachuma. Ukipanda Novemba mwanzo, Krismasi inakupata na mboga.

Usidhani ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza alisahau kumwagia maji, miche minne ikakauka. Nilijikaza nisimpandie. Siku mbili baadaye akaenda mwenyewe kwa mama wa miche kuomba zingine. Akaanza kuandika kwa daftari mzee: siku gani amemwagia, majani mangapi amechuma. Zile zilibaki tukishakula, aliuzia majirani. Deni ya mkebe alilipa na sukuma, mbao kwa mbao.

Pangia kila mtu kulingana na miaka

*Miaka 5 hadi 7:* Kazi fupi, na mfanye pamoja. Kuchambua dondo, kupanga viatu, kutafuta soksi zenye zinafanana. Ukimwacha peke yake, ndani ya dakika kumi atakuwa ameenda.

*Miaka 8 hadi 11:* Hapa anaweza beba jukumu. Gunia, kwenda duka na kurudi na chenji yenye hesabu ameandika, kupika chai ukiwa hapo karibu, ama kumsomea mdogo wake hadithi kila jioni. Hiyo ya mwisho inasaidia wawili kwa mpigo mmoja.

*Miaka 12 hadi 15:* Huyu usimpee kazi za kitoto, atakucheka. Mpee soo mbili umwambie sapa ya leo ni yake, aende soko, apatane bei, apike. Kama kuna fundi mnamjua vizuri, wa kushona, kunyoa ama baiskeli, anaweza enda kujifunza masaa machache. Lakini kujifunza sio kuajiriwa. Akianza kubebeshwa mizigo na kurudi usiku, mtoe hapo.

Siku iwe na umbo, sio kamba

Usipange kila dakika, hiyo itakuwa shule ingine. Sisi tulienda hivi: asubuhi kazi, mchana kusoma nusu saa chochote anataka, jioni mchezo. Na mchezo pia ni kazi ya mtoi. Wafunze kati, bano, brikicho na blada, zile tulicheza sisi. Juala zilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo mpira shona na matambara na kamba.

Na akikuambia ameboeka, usikimbie kumpa simu. Mwache akae nayo kidogo. Vijigari vingi vya waya tulitengeneza sisi vilizaliwa hapo.

Toka nao nje ya plot

Kama uko Eastlands, kuna maktaba ya umma Kaloleni na Makadara, na ile ya KNLS Buruburu. Mpeleke mara moja kwa wiki, achague kitabu mwenyewe, hata kama ni ya picha. Mwenye anapenda mpira, mtafutie timu yenye iko na kocha. Huko Mathare, MYSA ilianza 1987, na huko timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, sio kwa kufunga mabao peke yake. Ni mambo yale yale: cheza, lakini kuna kitu inakutegemea.

Sasa hii usiichukulie mchezo. Novemba ni mvua. Mito inafurika, na yale mashimo ya kuchimba mawe yanajaa maji yenye yanakaa kama dimbwi ya kuogelea. Watoi huenda huko wakiwa kikundi, na kila mwaka kuna wenye hawarudi. Kabla atoke kwa mlango, uliza maswali manne: Unaenda wapi? Na nani? Kufanya nini? Unarudi saa ngapi? Akikosa kujibu moja, hatoki.

Na PS je?

Sikumkataza. Ukikataza kabisa, atatafuta banda lingine lenye hulijui. Tulipatana Jumamosi, saa moja, na mimi niko hapo. Hunipiga mabao vibaya sana, na anafurahia kuliko alivyokuwa akienda akijificha.

Bado kuna siku husahau gunia. Bado kuna siku mimi huboeka na maswali yake. Lakini chenji ya siz haijawahi potea tena, na mwaka huu shule zilipofungwa, yeye ndio alinikumbusha tutafute samadi mapema.

Kesho saa nne wako atakuja kukuuliza, "Tufanye nini?" Weka simu chini kwanza, halafu umjibu. Na kama huna jibu, anza na gunia.